Maji yakifika hapa, tunatoka: kuiandaa nyumba na mtaa wa bondeni kabla ya mafuriko

Kwetu bondeni maji hayapigi hodi mlangoni. Yanaanzia chooni. Unasikia tundu la choo linakoroma kama mtu anayesukutua, halafu maji meusi yanapanda na kutambaa sakafuni huku kizingiti cha mlango bado kikavu. Ukifika hapo una dakika chache tu. Ni usiku, umeme umekatika, mtoto anatafuta ndala, na bibi chumba cha nyuma anauliza kuna nini. Saa hiyo si ya kuanza kujadiliana mnakwenda wapi na nani atambeba bibi. Hayo yalitakiwa kumalizwa Agosti, vumbi likiwa linatimka.

Nimekaa pembezoni mwa Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, miaka mingi, na nimeitumikia kamati ya maafa ya mtaa wetu. Watu wengi niliowaona wakikwama walikuwa wameshasikia tangazo la mvua. Kilichowakwamisha ni kwamba nyumbani kwao hakuna aliyekata shauri mapema: tutoke wakati gani, tuelekee wapi, vitu abaki navyo nani. Mwongozo huu naujengea hapo. Nimeuandika kwa ajili ya mafuriko kwa sababu ndiyo ninayoyajua, ila sehemu kubwa inamfaa hata mtu wa Rufiji, Kilosa, Mathare au Budalangi.

Anza kwa kuuliza maji yalifika wapi

Mto Msimbazi unashuka kutoka vilima vya Pugu huko Kisarawe, unapita katikati ya jiji na kuingia baharini karibu na Daraja la Salender. Kwa hiyo mvua ikipiga sana juu, wa Jangwani na Kigogo wanaletewa maji hata kama kwao yameanguka manyunyu tu. Usipime hatari kwa kutazama wingu lililo juu ya bati lako.

Nenda kwa wazee wa mtaa na wapangaji wa siku nyingi. Waulize habari za Desemba 2011, mafuriko yaliyoua watu wasiopungua 40 jijini na kuwafanya wengine wapewe viwanja Mabwepande. Usiulize "yalikuwa makubwa?" maana kila mtu atasema makubwa. Waambie wakuoneshe kwa mkono: goti, kiuno, kifua, dirisha. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015, ulifanya kazi hii pamoja na wanafunzi wa vyuo na wakazi wenyewe, wakipita mtaa kwa mtaa na kuchora ramani za maeneo yanayofurika. Anachokumbuka mama muuza chapati ni kipimo halali kabisa. Uliza pia maji yaliingilia upande gani, na yalichukua muda gani kutoka mtaroni hadi sebuleni. Jibu la swali hili la mwisho ndilo litakalokwambia una muda wa kufanya nini.

Weka alama, na kubalianeni nani anaamuru kutoka

Chagua kitu kilicho nje, karibu na mto au mtaro, ambacho unaweza kukimulika kwa tochi ukiwa umesimama mlangoni: nguzo ya kivuko, ukuta wa karo, shina la mnazi. Piga mistari miwili kwa rangi nyeupe ya mafuta. Mkaa na chaki vinafutika. Maji yakigusa mstari wa chini, mizigo inafungwa, watoto wanavaa viatu, wazee na wagonjwa wanaanza kuondoka. Yakigusa wa juu, wote mliobaki mnatoka. Urefu wa mistari hiyo unautoa kwenye majibu ya wazee: kama maji huchukua nusu saa kutoka mtaroni hadi ndani, mstari wa juu lazima uwe chini kiasi cha kukuachia ile nusu saa nzima.

Watu hupuuza mistari hiyo wakidhani ni ya watoto wa shule. Mimi nasema ndiyo yenye thamani kuliko chochote utakachonunua, kwa sababu inaondoa ubishi. Usiku wa maji kila nyumba huwa na mmoja anayesema "tusubiri kidogo, itapungua." Mara nyingi ni baba wa nyumba, au mtu mwenye friji jipya. Mstari haubishani naye.

Sasa sehemu ngumu. Nani ana ruhusa ya kusema tunatoka? Katika nyumba nyingi zetu baba yuko kazini, au ni dereva wa lori yuko Tunduma, na mama hathubutu kuondoa familia bila kumpigia, na simu haipatikani. Nimemwona jirani akisimama juu ya kitanda na mtoto wa miezi mitatu begani, akiendelea kupiga namba ya mumewe, maji yakiwa yamefika godoroni. Alitolewa na vijana kupitia dirishani. Kaeni chini kama familia, baba akiwepo, na baba atamke kwa kinywa chake: mkubwa yeyote aliyepo, hata kama ni binti wa miaka 15 aliyeachwa na wadogo zake, maji yakigusa mstari wa juu anatoa watu, na hataulizwa. Ikiwa nyumba ina wapangaji vyumba sita, hili ni la vyumba vyote sita pamoja na mwenye nyumba.

Mistari hii iendane na tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Rangi ya njano ni angalizo, ya machungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Kwetu njano maana yake simu zote zinachajiwa, pawabanki pia, na ndoo zinajazwa maji safi. Machungwa: bibi analala kwa shangazi mlimani, hakuna mjadala. Nyekundu: hatusubiri mstari.

Na msikate tamaa tahadhari isipotimia. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani, boti za Dar na Zanzibar zilisimamishwa, kikafika maeneo ya Mafia na kupungua nguvu. Wiki ile nilisikia wengi wakisema tumetishwa bure. Waulizeni wazee wa Lindi, walikopigwa na kimbunga cha Aprili 1952. Kulala usiku mmoja kwa ndugu bila sababu kunagharimu nauli ya bajaji.

Pa kwenda, na njia ya kufika

Chaguo la kwanza liwe kwa ndugu au rafiki anayekaa juu, aliyeulizwa na akakubali mapema, anayejua mko wangapi. Chaguo la pili liwe shule, msikiti au kanisa lililo mwinuko. Hapa uliza swali dogo ambalo kamati nyingi hulisahau: ufunguo uko kwa nani usiku? Sisi tuliwahi kufika na watoto wapatao ishirini mbele ya geti lenye kufuli, mvua ikitunyeshea, hadi mlinzi alipopatikana. Siku hizi jina na namba ya mwenye ufunguo vimeandikwa nyuma ya mlango wa kila mjumbe.

Tembeeni njia hiyo na watoto mara moja mchana na mara moja usiku. Mkiwa njiani, hesabuni chemba zisizo na mifuniko na mitaro iliyo wazi, maana vikifunikwa na maji havionekani, na vimemeza watu wazima. Njia isivuke mto wala korongo. Kama njia pekee inavuka, basi ninyi mstari wenu wa kutoka ni ule wa chini.

Ndoo ya rangi

Begi zuri lisiloingiza maji ni ghali. Ndoo tupu ya rangi ya lita 4 yenye mfuniko unaobana inapatikana kwa fundi yeyote, inaelea, ina mpini, na inamtosha mtoto wa darasa la tano kuibeba. Isafishe na uikaushe vizuri, kisha weka:

- vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa, kadi za kliniki, kadi za bima, vyeti vya shule, hati au mkataba wa mauziano ya kiwanja;
- dawa za kila siku za wiki moja: presha, sukari, pumu, ARV, na kadi ya kliniki inayohusika;
- fedha taslimu kidogo, noti ndogondogo, kwa sababu mtandao wa simu ukizimika pesa ya kwenye simu haikupandishi bajaji;
- tochi na betri zake zikiwa nje ya tochi, filimbi, kiberiti ndani ya kichupa;
- karatasi yenye namba za simu zilizoandikwa kwa kalamu, maana simu ikizama, namba unazozijua kwa kichwa huwa mbili au tatu.

Piga picha kila hati na uitume kwa ndugu wa mkoani. Pedi, nepi na nguo kavu ziende kwenye begi la kawaida ndani ya mfuko wa nailoni. Maji ya kunywa na kupikia hesabu lita 3 kwa mtu kwa siku: watu sita kwa siku tatu ni lita 54, yaani ndoo tatu za lita 20 zenye mifuniko, zikae juu ya meza. Vyakula viwe vya kuliwa bila moto.

Ndoo ikae sehemu moja, juu, na kila mtu aijue. Dawa zilizomo zizungushwe: kila ukichukua mpya kliniki, ya kwenye ndoo ndiyo unayoanza kuitumia.

Vitu na wezi

Tusidanganyane, hiki ndicho kinachowarudisha watu ndani. Mtu ana televisheni, mashine ya kushonea, magunia mawili ya mchele wa biashara, na anajua akitoka vibaka wataingia na mashua ya ndoo. Ukimwambia "maisha ni bora kuliko mali" atakubali kwa kichwa na kubaki. Mpe mpango.

Kabla ya msimu, pigilia rafu au dari ya mbao juu ya alama ya mafuriko makubwa mnayoyakumbuka, na vitu vya kazi, yaani cherehani, kompyuta, vifaa vya saluni, viwe vya kwanza kupanda huko au kuhamishwa kwa ndugu tangu mwezi wa tatu. Friji liinuliwe juu ya matofali. Biashara ya nafaka isiwekwe bondeni masika, hata kama godauni la juu ni la kulipia. Kisha kama mtaa mchague vijana wa ulinzi, wajulikane kwa majina kwa mtendaji wa mtaa, wakae mahali pakavu penye kuonekana vichochoro vyote, na asiruhusiwe yeyote kuingia na kutoka na mzigo gizani bila kutajwa. Mtaa wetu ulipoanza hivi, wanaume waliokuwa wakilala juu ya paa kulinda vyombo walianza kutoka na wake zao.

Kwenye tundu la choo na la bafu weka kiroba cha mchanga, kikandamize. Viroba vingine viwili mlangoni. Havitazuia mafuriko makubwa, lakini vinakununulia dakika, na vinazuia kinyesi kisiwe cha kwanza kuingia.

Umeme: zima swichi kuu iliyo kwenye boksi karibu na mita kabla maji hayajafika kwenye soketi, ukiwa umesimama pakavu. Ukikuta tayari umesimama ndani ya maji, usiiguse, toka. Ekstensheni zinazotambaa sakafuni zitolewe mapema. Mtungi wa gesi funga kabisa, toa regulata, ufunge kwa kamba kwenye nondo za dirisha, kwa maana unaelea na kugonga kuta.

Orodha ya watu

Kila mjumbe awe na daftari moja. Ndani yake mjamzito wa miezi ya mwisho, mzee asiyetembea, kipofu, kiziwi, mgonjwa wa kifafa, mtoto anayeachwa peke yake mama akiwa zamu ya usiku. Mbele ya kila jina andika majina mawili ya wanaokwenda kumchukua, si moja, kwa kuwa mmoja anaweza kuwa safarini. Kiziwi hasikii filimbi wala kipaza sauti cha msikiti: lazima mtu afike na kumgusa. Mzee asiyetembea abebwe kwenye kiti cha plastiki chenye mikono, watu wawili, na fanyeni zoezi naye mwenyewe akiwa ameketi, mjue kona gani kiti hakipiti. Sisi tuligundua uchochoro mmoja ulikuwa mwembamba mno, tukamwomba mwenye uzio asogeze bati moja. Alisogeza siku ileile.

Ishara iwe moja: kwetu ni filimbi tatu ndefu, kimya, tatu tena, na mwadhini anatangaza. Watoto waonywe wasiichezee. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inatambua kamati za maafa kuanzia taifa hadi ngazi za chini, kwa hiyo mwenyekiti na mtendaji wakikwambia si kazi yao, ikumbushe kwa heshima. Namba za kukaa kichwani Tanzania: 114 Zimamoto na Uokoaji, 112 polisi. Kenya, Msalaba Mwekundu ni 1199.

Mitaro

Usiku wa kuamkia 29 Aprili 2024, huko Mai Mahiu nchini Kenya, maji yalijikusanya nyuma ya tuta la reli ambapo njia yake ya chini ilikuwa imezibwa na takataka na matope. Tuta liliposhindwa, maji yalishuka kwa mkupuo na kuzoa nyumba na watu waliolala. Kila kalvati iliyoziba ni bwawa ambalo hakuna aliyelijenga wala anayelilinda. Panga siku mbili za kuzibua kabla ya masika na kabla ya vuli, na matope yaondolewe kwa toroli siku hiyohiyo. Yakiachwa ukingoni, mvua ya kwanza inayarudisha.

Usiku wenyewe

Ukishatoka, usirudi kwa chochote. Shika fimbo ndefu, pima mbele kabla ya kukanyaga, watoto wafungwe khanga mgongoni au washikwe mkono na mtu mzima, kamwe mtoto kwa mtoto. Maji yanayokwenda kasi, yakiwa kina cha sentimita 15 tu, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinaelesha gari dogo, 60 zinachukua magari mengi, kwa hiyo dereva wa daladala au bodaboda akisema "napita tu," shuka. Usipite karibu na nguzo ya umeme iliyoinama. Mkifika, hesabuni vichwa kwa daftari, na aliyekosekana atajwe kwa waokoaji pamoja na chumba alichokuwemo.

Wenzetu wa mlimani wana mstari wao tofauti. Desemba 3, 2023, matope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliangukia Katesh na vijiji jirani na kuua zaidi ya watu 80. Chini ya mlima, mvua nyingi ikifuatwa na ufa mpya ardhini, mti ulioanza kuinama, au kijito kilichogeuka matope ghafla au kukauka, ni amri ya kuondoka, na unakwenda pembeni ya bonde, usikimbie kufuata mkondo.

Siku za kurudi

Rudini mchana. Kwanza zungukeni nje mkitazama kuta. Tofali la udongo lililolowa linaweza kuanguka siku mbili baada ya maji kupungua, jua likiwa linawaka. Umeme usiwashwe hadi fundi aukague. Nyoka hupenda kujificha kwenye nguo na magodoro yaliyorundikana, geuzeni kwa fimbo. Kabla ya kufagia, piga picha kila chumba na uandikishe hasara kwa mtendaji, kwani tathmini ikifanyika bila jina lako ni vigumu kulirudisha.

Visima vifupi vyote vihesabiwe vimechafuka. Maji ya kunywa yachemke yakitokota kwa dakika nzima au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Mtu akianza kuharisha maji kama ya mchele, mpeleke kituo cha afya mara moja, na njiani mnyweshe ORS, yaani dawa ya unga ya kurudisha maji na chumvi mwilini. Isipokuwepo, lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usiongeze chumvi kwa kubahatisha.

Matope yakishatoka, kuta zitakuwa zimeachiwa mstari wa rangi ya kahawia pande zote za chumba. Kabla hujapaka chokaa, chukua msumari, chora mstari huo kwenye plasta nyuma ya mlango na uandike tarehe. Mpangaji atakayefuata atahitaji kuuona.